Ukucha wa Mama Rangi

Wasikilizaji wapendwa, isogezeni redio karibu kidogo. Mama tunayemkumbuka leo hakuwa na sauti kubwa. Alikuwa na kucha.

Kazi yake ilikuwa kupaka watu rangi za kucha. Narudia, asije mtu akasema sikumwambia: rangi za kucha. Hakuwahi kulala chini ya gari. Hakuwahi kuvaa ovaroli. Nyundo aliishika siku moja akipigilia msumari wa kutundikia kioo, na hata hapo alijipiga. Lakini kwenye gereji ya mumewe hakuna sili ya mafuta iliyofungwa kabla mama huyu hajaja kukigusa chuma. Mtaa mzima ulimwita Mama Rangi. Ametutoka mwezi huu, baada ya kuugua kwa muda mrefu. Amemwacha binti mmoja, shemeji mmoja mwenye maneno mengi, na mume, fundi ambaye wengi mnamjua kwa jina la Magamba.

Jina la Magamba lilitokana na mikono. Miaka ya spana na grisi ilikomaza ngozi ya vidole vyake mpaka ikawa ganda. Alikuwa anashika kikombe cha chai iliyotoka kwenye moto sasa hivi, huku anakusimulia habari bila haraka yoyote. Wewe unayemtazama ndiye unayeungua. Ikumbukeni mikono hiyo, wasikilizaji wapendwa. Tutairudia.

Gereji na kibanda cha Mama Rangi viligawana ukuta mmoja wa mabati. Upande huu injini, upande ule kioo, kigoda na safu ya vichupa. Upande huu harufu ya petroli, upande ule harufu ya dawa ya kufutia rangi. Mdogo wake Magamba ni fundi umeme wa magari, naye wanamwita Fyuzi kwa sababu hakawii kuungua. Fyuzi alikuwa akisema, "Hapa mtu akiwasha kiberiti, ndoa na biashara vinaondoka kwa moshi mmoja."

Na ndoa yenyewe ilianzia kwenye dawa hiyo hiyo. Magamba, enzi hizo kijana asiye na mke, alikuja kibandani kuomba dawa ya kufutia rangi. Alitaka kusafishia gundi kuukuu kwenye kifuniko cha injini. Akapewa. Kesho yake akarudi. Kesho kutwa tena. Mwisho binti wa watu akaweka kichupa mezani na kumwuliza, "Kaka yangu, hebu niambie ukweli. Unasafisha injini au unasafisha macho?" Magamba, mtu wa maneno machache, alijibu, "Injini ilishatakata."

Sasa, kabla hatujaenda mbele, lazima tuijue sili. Wewe ambaye gari lako linaacha doa jeusi kila unapoegesha, usijifanye hupo. Nakusema wewe.

Sili ya mafuta ni pete. Kwa nje ina chuma, kwa ndani ina mpira. Mpira huo una mdomo mwembamba, na nyuma ya mdomo kuna springi ndogo iliyozunguka kama mkufu wa mtoto mchanga. Springi inaubana mdomo juu ya chuma kinachozunguka. Chuma kinazunguka kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Mdomo umetulia tu, umekigusa. Hauki­bani sana, usije ukaungua. Haukiachii, oili isije ikatoka. Kwa ndani unazuia oili, kwa nje unazuia vumbi, mchana kutwa, mwaka hadi mwaka, na hakuna anayeusifu. Tunaukumbuka siku umechakaa.

Basi palikuwa na mkunga. Zahanati yake iko chini, na wanawake wengi anaowahudumia wanaishi juu ya kilima. Alikuwa na gari dogo la zamani, na gari hilo lilianza kuvuja kwenye sili ya nyuma ya krenki, kile chuma kikuu kinachozunguka ndani ya injini. Hapo nyuma ya krenki ndipo klachi ilipo. Oili ikivuja inalowanisha klachi. Klachi ikilowa inateleza. Injini inanguruma, magurudumu hayana habari. Mkunga alieleza hivi: "Linapiga kelele kama lenyewe ndilo linalojifungua, lakini halisogei."

Siku moja liligoma katikati ya kilima. Mkunga akashuka, akabeba mkoba wake, akapanda kwa miguu huku anakimbia. Alipofika mtoto alikuwa ameshatoka, yuko mikononi mwa jirani, rangi imemwiva kama zambarau na halii. Mkunga alimfanyia alichojua kumfanyia, na mtoto akalia. Ni mzima hadi leo. Lakini mkunga alipotoka nje alikaa kwenye jiwe, akilitazama gari lake lililokwama chini.

Akamletea Magamba gari. Akasema maneno machache tu. "Fundi, kilima ndicho hicho na wajawazito ndio hao. Nitengenezee nifike."

Magamba alifanya kazi yote. Kuifikia sili hiyo unashusha giaboksi, unatoa klachi, unatoa gurudumu zito la nyuma ya injini, na ndipo unaiona sili, ndogo, inakutazama. Aling'oa ya zamani. Mpira wake ulikuwa umekauka na kuwa mgumu kama ganda la chungwa lililoanikwa. Akafunga mpya, akarudisha kila kitu. Mkunga akaondoka. Halafu doa likarudi.

Akafungua tena. Akahakikisha mdomo umetazama ndani, upande wa oili. Umetazama. Akahakikisha springi haijachomoka wakati wa kugonga. Haijachomoka. Akahakikisha mdomo ulipakwa oili ili usianze kazi mkavu. Ulipakwa. Akakagua bomba la kupumulia, maana injini isiyopumua hujaa presha na kusukuma oili hata kwenye sili nzima. Bomba safi. Akafunga sili nyingine mpya. Doa likarudi.

Mtaa ukaanza kusema. Fyuzi, mdogo mtu mwenyewe, alisimama juu ya shimo la gereji na kuuliza, "Kaka, hiyo oili unaizuia au unaisindikiza?"

Mara ya tatu Magamba alishusha giaboksi, akang'oa sili, halafu akakaa chini. Hakugusa kitu. Binti yake anasema hajawahi kumwona baba yake namna ile. Alikuwa akipanga maneno ya kumwambia mkunga: nimeshindwa, tafuta fundi mwingine. Na fundi mwingine wa karibu hakuwepo.

Mama Rangi akapenya pale mabati yalipoachana, na chai mkononi. Kibandani kwake alikuwa ameacha mteja ana mkono mmoja mwekundu na mwingine mtupu. Akaweka chai. Akainama kwenye injini kumtazama huyo adui aliyemkalisha mumewe chini. Pale sili inapokaa, chuma kilikuwa kinang'aa kama kijiko kipya. Mama Rangi, kwa mazoea tu, akaweka ukucha wa dole gumba juu yake na kuuburuza taratibu, kama alivyowafanyia watu maelfu.

Ukucha ukakwama. Tk.

"Kuna mfereji hapa," akasema.

"Mfereji gani? Hicho ni chuma."

"Kina mfereji."

Magamba akanyanyuka, akafuta mikono, akapitisha kidole. Laini. Akapitisha tena. Laini kama kioo. "Mama, kanywe chai na wewe. Rudi kwa mteja wako."

"Kidole chako hicho kinabeba sufuria la moto halafu unakiamini?" Mama Rangi hakukasirika. Aliweka ukucha pale pale. Tk. "Mimi nimeshika kucha za watu tangu sijaolewa. Mtu akiugua homa kali, ukucha wake unaota mfereji. Anapona, anasahau, lakini ukucha haujasahau. Napitisha wangu juu ya wake namwuliza, uliumwa mwaka huu? Wananiona mchawi. Sasa huyu chuma wako aliumwa."

Fyuzi akacheka. "Shemeji, mpige sindano basi!"

Mama Rangi akarudi kibandani, akaja na kichupa cha rangi nyekundu. Ile nyekundu ya wenyewe, ya sherehe. Akapaka chuma pale panapong'aa, pote, kukizunguka. Kabla rangi haijakauka akachukua kitambaa akaifuta juu juu.

Nyekundu yote ikaondoka. Ukabaki mstari mmoja. Mwembamba kama uzi, umekizunguka chuma chote, haukukatika popote. Pete nyekundu.

Wasikilizaji wapendwa, Fyuzi, aliyekuwa anacheka, aliinama akaufuata mstari ule kwa macho mpaka ukarudi ulipoanzia. Magamba alisimama akiutazama mstari ule. Mpira, kitu unachoweza kukibonyeza kwa vidole viwili, ulikuwa umekila chuma. Chuma cha krenki! Kile ukikigonga na nyundo, nyundo ndiyo inayorudi. Mdomo laini umekaa pale pale miaka na miaka, vumbi la hapa na pale likanasa, na chuma kikalika kidogo kidogo bila kelele. Na kila sili mpya aliyoifunga, Magamba aligonga mpaka ikafika mwisho. Mdomo wake ukaenda kulala kwenye mfereji ule ule wa zamani. Sili zilikuwa nzima zote. Zilipewa kitanda kibovu.

Na hapa mumtendee haki Magamba naye. Ukucha ulimwonyesha ugonjwa, lakini dawa aliijua yeye. Aliifuta rangi kwa dawa ya kufutia. Akachukua sili mpya, akaupaka mdomo oili. Akaweka sili ya zamani juu ya mpya ili nyundo isiumize kitu, akagonga pole pole, huku na huku, izame sawasawa. Ilipobaki kidogo kuzama yote, akasimama. Akamwita mkewe. "Weka ukucha wako hapa." Mama Rangi akaulaza ukucha ubavuni mwa sili. Magamba akaipa sili unene wa ukucha mmoja, ikabaki imetoka nje kiasi hicho. Mdomo ukaangukia chuma kipya, nje ya mfereji.

Mkunga akachukua gari. Walitega masikio, gereji nzima, pamoja na yule mteja wa mkono mmoja mwekundu. Baada ya muda honi ikalia juu ya kilima. Ndefu. Mkunga alikuwa amefika.

Doa halikurudi. Narudia kwa wanaojiunga nasi sasa hivi: halikurudi.

Tangu hapo ikawa desturi ya gereji ile. Kabla ya sili, ukucha. Mwanzoni Magamba aliona haya. Aliwaambia wateja kwamba mama anaangalia vumbi. Baadaye akaacha kuona haya, akawa anagonga bati na kuita, "Mama, njoo usome!" Dereva mmoja wa lori aliona mwanamke mwenye kucha za waridi anapapasa krenki yake akapiga kelele, "Nimeleta lori gereji, mbona mnalipeleka saluni?" Mama Rangi hakugeuka. Alimjibu, "Baba, lori lina mfereji na wewe una mdomo. Tutaziba vyote viwili." Dereva huyo alikuja msibani. Alilia kuliko wenye msiba.

Halafu zikaja siku ngumu. Mama Rangi aliugua ugonjwa mkubwa, na dawa zake zilikuwa kali. Nywele zilikwenda, akafunga kilemba na kusema amepumzika kuchana. Kilichomuuma zaidi ni kucha. Asubuhi moja alikaa kitandani, akapitisha ukucha juu ya ukucha, akakuta mfereji. Alimwambia binti yake, "Nimejisoma." Kucha zilianza kuwa nyeusi, zikawa zinakatika kama maganda ya yai. Mwishowe zikang'oka, na vidole vyake vikabaki vitupu.

Na kipindi hicho hicho, gari la mkunga likaanza kuvuja tena.

Hakuna wa kulaumiwa. Ile sili ilikuwa imefanya kazi miaka mingi, ikazeeka kama sisi. Lakini kilima kilikuwa kile kile. Na msomaji alikuwa kitandani hana ukucha.

Magamba alimweleza kwa sauti ya chini, akitaka kumjulisha tu, asimsumbue. Mama Rangi akamwambia, "Fuga ukucha."

"Nani?"

"Wewe. Wa dole gumba."

"Nifuge ukucha, mimi? Watu watasema nini?"

"Watasema huyo ni mume wa Mama Rangi. Kuna jipya?"

Binti yao ametuambia mengi, lakini hili ndilo ambalo sitalisahau. "Ukucha wa baba ulikuwa unavunjika kila ukiota. Basi mama akaagiza kile kichupa cha rangi isiyo na rangi, ile ya kukazia. Baba alikaa kwenye kigoda, kando ya kitanda, mkono wake ameuweka juu ya goti la mama kama mteja. Mama anapaka, anakosea, anafuta, anapaka. Baba akijisogeza anaambiwa, tulia, mteja mbaya wewe."

Ukucha ulipokomaa, masomo yakaanza. Binti alikuwa akileta vyuma chakavu kutoka gereji na kuvilaza juu ya shuka. Magamba alifumba macho.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Unabonyeza. Usibonyeze. Ukibonyeza unausikia mkono wako mwenyewe. Uegemeze tu."

"Nimeegemeza."

"Huo umeuangusha. Kiguse kama unamwamsha mtoto ambaye hutaki aamke."

Fyuzi alichungulia mlangoni akaona kaka yake, mbabe wa spana, amefumba macho anapapasa chuma kwa ukucha unaong'aa. Akafungua mdomo. Mama Rangi akamwambia bila kumtazama, "Shemeji, tafadhali, kaungue nje."

Na siku moja ukakwama. Tk. Magamba akafumbua macho na kumtazama mkewe. Mama Rangi hakuweza kuhakikisha, vidole vyake havikuwa na cha kuhakikishia. Alimwuliza tu, "Uko wapi?" Mume akamwonyesha. Mke akatikisa kichwa kukubali, akalala.

Hakuishi muda mrefu baada ya hapo.

Siku ya mazishi watu walipanga foleni kumpa Magamba mkono wa pole. Kila aliyeushika alisita. Ganda, ganda, ganda, halafu ukucha mrefu wenye kung'aa. Fyuzi anasema mjomba mmoja alimvuta pembeni, machozi yangali yanamtoka, akamwuliza, "Huyu ameanza lini kupiga gitaa?" Fyuzi alicheka mbele ya jeneza. Anasema anajua marehemu alimsamehe, maana angecheka kwanza.

Magamba aliwaambia ndugu kwamba gereji ataifunga. Lakini gari la mkunga lilikuwa limesimama pale nje, na doa chini yake lilikuwa linakua. Mkunga alipita tu, akampa pole, akaanza kukipanda kilima na mkoba wake begani. Magamba alimtazama mpaka alipopumzika mara ya kwanza. Akaenda kuvaa ovaroli.

Alishusha giaboksi. Akatoa klachi, akang'oa sili. Chuma kikang'aa mbele yake. Akageuka, akagonga bati kwa mazoea. "Mama, njoo usome."

Kibanda kilikuwa kimya.

Fyuzi alikuwa hapo, na anasema kaka yake alisimama na mkono kwenye bati kama mtu anayesubiri jibu linalochelewa. Halafu akarudi. Akafumba macho. Akauegemeza ukucha, hakubonyeza. Tk. Huo ulikuwa ule wa kwanza, wa zamani, walioupata pamoja. Akasogea kidogo. Tk. Huo ulikuwa wa pili, sili ya siku ile ya chai ilikuwa imechimba wake. Magamba akafungua macho, akaenda kibandani mwenyewe. Akarudi na kichupa chekundu, akapaka, akafuta.

Pete mbili nyekundu, zimekaa jirani, zimekizunguka chuma chote.

Magamba alizitazama. Fyuzi anasema hakuzifuta haraka, na yeye hakumharakisha. Kisha akazifuta kwa ile dawa iliyowaozesha. Akafumba macho tena na kuusogeza ukucha nje, mbele zaidi, mahali ambapo hakuna mdomo uliowahi kukaa. Akausikiliza. Kimya. Kimya kizuri. Hapo ndipo alipoifunga sili mpya.

Wasikilizaji wapendwa, kwa Magamba, kwa binti, kwa Fyuzi, na kwa wote waliowahi kutoa mkono kwa Mama Rangi wakarudishiwa ukiwa mzuri zaidi, poleni sana. Sisi hapa studio tunalia nanyi, na pale mnapocheka tunacheka nanyi. Mungu ampumzishe.

Nasi tuliobaki, tujiulize. Nyumba ya pili, ng'ambo ya bati, nani ana kitu tunachokihitaji na hatujawahi kumwita aje asome? Na kile tunachokishika kwa nguvu zetu zote, tumewahi kukigusa pole pole?

Kibanda bado kimefungwa. Gereji iko wazi. Asubuhi ya leo, kama mnakaa karibu na kilima, mmesikia honi ndefu huko juu. Msiulize ni nani. Mkunga amefika.